Bastola Iliyozama Kilombero

Bertrams, Johannesburg
9 Machi 2003

Kwa mume wangu kizee, Babu Wilbroad,

Shikamoo. Hiyo ni ya babu. Mume simwamkii, maana hajanitumia hata kipande cha kanga tangu niondoke Morogoro nikiwa darasa la tano.

Sisi huku wazima. Mama anakohoa kwa vumbi la machimbo, lakini sauti ya kugombana ipo palepale. Baba bado yuko stoo ya vifaa vya umeme. Mimi bado napokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na kila nikiona mtu anapimwa meno ya bandia nakukumbuka wewe unavyoupiga ugali kwa ufizi. Msalimie mke mwenzangu, Bibi. Mwambie sina ugomvi naye, aendelee tu kumfulia mume wetu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Babu, umeniharibia. Yule Gikonyo niliyekuandikia habari zake, Mkenya wa benki, anataka kuleta wazee waje kuniposa. Mjomba wake, Bwana Kang'ethe, keshashona suti. Halafu wewe ukaleta barua ya Krismasi, ikasomwa mezani wote tukisikia: "Simwachii mtu mke wangu mpaka nione kwanza ile bastola niliyompa Sipho siku ya harusi yake." Sisi tukacheka. Mama alicheka mpaka akakimbilia jikoni. Baba, Sipho mwenyewe, hakucheka.

Unamjua mkweo. Umemjua tangu akiwa mkimbizi wa Afrika Kusini pale Mazimbu, anachunga nguruwe wa kambi. Kwao baba mkwe hataniwi, hakatizwi, na akisema neno limesemwa. Akaniita uani, akaniambia bastola yako ilidondoka majini kwenye kivuko cha Kilombero, siku ileile alipomtoa Mama huko Mahenge, na tangu hapo hajapata uso wa kukwambia. Sasa kanunua nyingine. Kuukuu, Babu! Kaitoa kwa mjane wa Kizungu mtaa wa pili anayehamia pwani. Imekula kutu mpaka silinda haizunguki. Anataka kuitengeneza ifanane na yako, uje uione harusini, na mpaka iwe tayari wazee wa Gikonyo wasikanyage hapa.

Kaniapisha nisikwambie. Kanituma nikuulize kwa ujanja-ujanja ilikuwaje. Ujanja sina, nakuuliza waziwazi. Ilikuwaje?

Wako, upende usipende,
Happyness


Mahenge
27 Aprili 2003

Mke wangu mtoro,

Marahaba, na talaka hupati. Barua yako ilichelewa kwa sababu katibu wa parokia aliifanya alama kwenye kitabu chake cha nyimbo, akaikumbuka baada ya Pasaka. Mvua imekula barabara. Mke mwenzako anaumwa goti na anasema kufua kamaliza, njoo ufue mwenyewe. Kuhusu ufizi wangu, ugali haujawahi kulalamika.

Kumbe ilizama! Nimesoma pale, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Haya. Mto ule umemeza mengi.

Unauliza ilikuwaje. Shika kalamu. Ilikuwa ya Kiingereza, ya risasi sita, ile inayokunjuka katikati ukitaka kuipakia. Chini ya mpini ilikuwa na pete ya kupitishia kamba, ofisa akianguka na farasi isimponyoke. Mpini wenyewe pembe ya kifaru. Ndiyo, kifaru, usinikodolee macho. Nilipewa na kapteni wangu wa jeshi la Keya kule Burma nilipomvusha mto mgongoni, risasi zinapita huku na huku. Mzungu yule alilia kwa shukrani. Mimi sikulia, sikuwa na nafasi.

Mwambie baba yako achukue muda wake. Chuma hakitaki pupa. Na wewe pia punguza pupa, hao wanaume wa benki hawaishi leo wala kesho.

Andika upesi. Barua zako nazisoma barazani kwa sauti, na watu wameanza kuja na viti vyao.

Mumeo halali,
Wilbroad


Bertrams, Johannesburg
15 Juni 2003

Mume wangu msumbufu,

Shikamoo. Baridi ya huku inauma mpaka kwenye mifupa. Mama anavaa blanketi ndani ya nyumba. Pole ya goti kwa mke mwenzangu, na nyinyi mnaosikiliza barazani, hamjambo? Nendeni mkalime.

Pembe ya kifaru, Babu? Unataka tufungwe sote? Fundi wa bunduki, Mreno mmoja wa Doornfontein, alipoambiwa alishika kiuno akacheka. Baba hakurudi nyuma. Kaenda buchani, kapata pembe ya ng'ombe, kaichemsha jikoni kwetu ili ilainike akate vipande vya mpini. Nyumba ilinuka mpaka jirani akagonga mlango kuuliza nani kafa. Mama alipouliza akaambiwa ni dawa ya kifua chake. Hajui lolote, anaambiwa tu kwamba bastola ni ya kujilinda na wezi.

Sheria ya hapa hairuhusu ikae nyumbani kabla leseni haijatoka, kwa hiyo imelazwa dukani kwa Mreno, na Baba kila Jumamosi anakwenda kuiangalia kama mgonjwa. Anavaa koti zuri kabisa. Ameiloweka kwenye mafuta ya taa wiki na wiki, ametoa skrubu moja moja, amesugua kutu kwa brashi laini. Msasa hataki, anasema utafuta maandishi. Mwanzoni Mreno alikuwa anamtazama tu, sasa anampa kahawa na kiti chake mwenyewe. Siku silinda ilipokubali kuzunguka alinipigia simu kazini, mgonjwa yuko mbele yangu kashika shavu. "Happy, inazunguka! Inazunguka!" Mtu mzima, Babu, na alikuwa anakaribia kulia.

Kwa hiyo simchukii. Lakini Gikonyo anachoka. Juzi kaniuliza kwa kile Kiswahili chao: "Happy, kwani huyo mzee wako anatengenezea nani bunduki? Kama ni yangu si aniambie mapema nitoroke?" Mjomba Kang'ethe anazidi kunenepa, na suti inaanza kumkataa.

Babu, niandikie mistari miwili tu, mmoja ukitaka. Sema umeniachia, sema bastola umesamehe. Baba atakusikiliza wewe, mimi hanisikii. Nampenda huyu mwanamume, na hapo sitanii.

Happyness


Mahenge
30 Agosti 2003

Mke wangu mwenye haraka,

Marahaba. Nilichelewa kujibu, nilikuwa na homa, halafu nikapona, halafu nikawa mvivu. Mahindi yametoka mazuri. Nguruwe wa katibu wa parokia ameingia shambani kwangu, na mimi na katibu hatusalimiani, tunakutana Komunyo tu.

Umesema pembe. Nani kasema pembe? Mpini wa bastola yangu ulikuwa mpingo mweusi, na katikati nyota ya fedha. Na ubavuni kwenye chuma lilichongwa jina la kapteni, na chini yake la kwangu. Mwambie baba yako arekebishe. Kama ni kazi kubwa, basi ni kazi kubwa.

Hiyo mistari miwili siandiki. Unanikimbiza kwa nini? Mama yako alipoolewa aliniandikia kila mwezi. Baadaye kila mwaka. Baadaye Krismasi tu, na kadi yenyewe ilikuwa na theluji na maneno ya Kiingereza. Wewe mwaka huu umeniandikia kurasa na kurasa, na najua ni kwa sababu ya bastola. Ukishampata Mkenya wako utaniandikia habari gani? Bei ya nepi?

Msalimie baba yako, mwambie namngoja.

Wilbroad


Bertrams, Johannesburg
28 Septemba 2003

Wewe mzee!

Shikamoo nakupa kwa sababu nimelelewa. Wote wazima, na usiwasomee barazani hii.

Barua yako ya mpingo na nyota imenikuta jikoni. Vipande vya pembe Baba keshavikata, keshaving'arisha, keshavifunga. Nilikaa chini nikalia kwa sauti. Mama akaja mbio akidhani mtu kafa, na mimi nikamwaga kila kitu: kivuko, mjane, kifaru, Jumamosi zote zile.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Bastola gani?"

Nikasema bastola ya Babu ya Burma, iliyofungwa kwenye gunia siku ya harusi.

"Happyness, ile ilikuwa pedali ya baiskeli ya Padre. Kamba niliifunga mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

Babu! Eti Mahenge nzima ilijua! Eti Burma ulikuwa mpishi wa maofisa, na silaha uliyoshika vita vyote ni mwiko! Eti mlisimama pale mmebana midomo, mkingoja bwana harusi afungue mumcheke, naye akapokea kwa mikono miwili, akainama, akaiweka kwenye begi lake bila hata kuipapasa. Mama anasema walipofika kivukoni yeye alimwacha Baba na mizigo akaenda kununua samaki, na aliporudi akaambiwa imezama. Akajua tu kaifungua, kaudhika, kaitupa. Aliona aibu kumuuliza. Wameishi ndani ya nyumba moja miaka ishirini na minne na hakuna aliyefungua mdomo!

Kwa hiyo harusi yangu imesimama tangu Krismasi kwa ajili ya pedali. Nimeshindwa nicheke au nikuvunjie miwani. Na wewe ulijua tangu barua yangu ya kwanza, ukakaa unachonga kifaru.

Leseni imetoka wiki hii. Mama ameniachia mimi, anasema yeye uso hana. Ama umwandikie Baba ukweli, ama nimwambie mimi. Nakungoja, na sijibu kitu kingine chochote mpaka hapo.

Happyness


Mahenge
2 Novemba 2003

Mke wangu mkali,

Marahaba. Hatujambo. Goti limepona.

Kwanza, upishi wa vitani usiudharau. Hebu kapike wali wewe huku mabomu yanaanguka, na ofisa anataka usishikane.

Pili, sikufanya ubaya wowote. Nyumba hii ndivyo tunavyompokea mkwe. Mimi mwenyewe baba wa bibi yako alinipa jogoo kwenye kapu, nikafungua nikakuta chura. Nikarudi kwake nimefura, nikamtukana, akacheka, akanipa mbuzi, na tangu siku hiyo tulikula pamoja mpaka alipokufa. Mkwe anafungua, anakasirika, anarudi kudai, anapewa mbuzi wake. Hapo ndipo anakuwa mtu wa nyumbani. Mbuzi wa Sipho nilishamfunga nyuma ya nyumba. Nilimngoja wiki, nikamngoja mwezi. Mbuzi akazaa, nikaendelea kungoja. Sikupata hata neno. Kila barua ni "Mheshimiwa Baba, natumaini u mzima." Nikasema basi, huyu kijana msomi ananidharau, hata mzaha wangu ameona hauna maana. Iliniuma, Happyness, na bado inaniuma. Ndiyo maana nikawa namchokoza kila Krismasi.

Ulipoandika kwamba ilizama nikaona kumbe hakuifungua kabisa, na nilicheka mpaka kifua kikauma. Sasa kamwambie. Mwache akasirike hatimaye, aniandikie matusi ya Kizulu kurasa nzima. Nitampa mbuzi. Akimaliza hasira, wazee wa Gikonyo waje.

Nakungoja kwa hamu.

Wilbroad


Bertrams, Johannesburg
7 Desemba 2003

Babu,

Shikamoo. Wote wazima. Naandika moja kwa moja.

Jana nilikwenda na Baba Doornfontein kuichukua. Sikujua kama kitu cha kutu vile kinaweza kuwa hivyo. Imekuwa nyeusi, tulivu, na mpini wa pembe una rangi ya asali. Pete ya kamba ipo. Ubavuni Mreno kachonga jina lako kwa herufi ndogo, ameacha nafasi ya kapteni mpaka ukumbuke jina lake. Mreno alimpa Baba mkono, halafu akamkumbatia.

Tukiwa garini, kwenye taa nyekundu, huku wanaziita robot, nikaona nisipoisema sasa sitaisema tena. Nikasema, "Baba, kile alichokupa Babu hakikuwa bastola."

Akasema, "Najua."

Nikadhani sijasikia vizuri. Taa ikawaka kijani, hakuondoka. Magari ya nyuma yakapiga honi, naye kashika usukani anatazama mbele.

"Niliifungua pale kivukoni mama yako alipokwenda kwenye samaki. Nikaona pedali. Eish, Happy. Nikajua mzee yule hana kitu. Hana kitu kabisa, na bado hakutaka binti yake aondoke na mwanamume ambaye hajapewa chochote mbele za watu. Mimi nilikuwa nani? Mchunga nguruwe. Sina baba pale, sina mjomba, sina kwetu. Yeye akanisimamisha mbele ya kijiji kizima akaniambia hii ndiyo silaha yangu ya vita, mlinde binti yangu. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kama kile. Nikaitupa mtoni upesi, asije mtu akaiona akamcheka."

Nikamuuliza, sasa hii ya nini?

"Mkwe wangu alisema alinipa bastola. Anakuja harusini, Wakenya watauliza, ndugu zangu watauliza. Basi lazima bastola iwepo, na iwe vilevile anavyoisema yeye. Ndiyo maana nilitaka ujue anasemaje. Akibadilisha, na mimi nitabadilisha. Huo mpingo nimeshautafuta."

Babu, nilifungua mdomo nimwambie kwamba ulikuwa utani wa nyumbani, kwamba mlikuwa mmebana midomo. Nikashindwa. Nimeshindwa jana na leo nimeshindwa tena. Mama nilipomweleza alikwenda kukaa karibu na Baba kwenye kochi, akamshika mkono, na hawakuwasha hata televisheni.

Nimwambie nini? Wewe ndiye uliyeianza.

Happyness


Mahenge
4 Januari 2004

Mjukuu wangu Happyness,

Marahaba, mwanangu. Leo sikuiti mke.

Barua yako sikuisoma barazani. Watu walishaketi na viti vyao, nikawaambia ni ya mambo ya kanisa, wakanung'unika wakaenda. Nilimsomea bibi yako peke yake. Tulilia, yeye kidogo, mimi sana. Mzee wa miaka yangu, nalia kwenye mkono wa shati.

Miaka yote nilidhani kijana yule ananidharau. Nilimcheka hapa mbele ya watu, kila Krismasi nikiandika hadithi mpya ya kumchokoza, na watu wakiniambia Wilbroad, wewe unajua kuchekesha. Kumbe yeye kakaa huko ananifichia aibu ambayo hata sikuwa nayo. Sijui mtu anamwombaje radhi mkwe wake kwa jambo kama hilo. Nimefikiri tangu barua ifike na sijapata njia, isipokuwa hii moja.

Usimwambie. Umenisikia? Si sasa, wala nikifa. Mama yako Paskalia naye afunge mdomo wake. Mwambie umeniuliza na nimekujibu hivi: siku ile sikuwa na kitu. Nilitafuta nyumba nzima cha kumpa mume wa binti yangu, nikakosa, nikafunga pedali kwenye gunia, na naona haya mpaka leo. Mwambie mzee anamshukuru. Hapa Mahenge nimeanza kuwaambia hivyohivyo. Wanaokumbuka wananitazama kwa mshangao. Nawaambia mlicheka kwa sababu hamkujua, nilikuwa maskini.

Mpingo aache. Pembe ndiyo ilikuwa yenyewe, mimi nilichanganya.

Bwana Kang'ethe avae suti yake aje, hata kama haifungi vifungo. Nimekuachia kwa moyo wangu wote, na ukiniandikia bei ya nepi nitaisoma. Nakuja na bibi yako kwa basi baada ya Pasaka. Nikifika, kabla sijanywa hata maji, nitamwomba Sipho anioneshe bastola yangu. Nitaipokea kwa mikono miwili, niiname, na niwaambie Wakenya wote na ndugu zake wote: ndiyo hii niliyompa.

Babu yako,
Wilbroad